Ngeli za Watuma Ngoma

Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyezipa namba ngeli za lugha za Kibantu katika karne ya 19, hakuwahi kukaa sebuleni Barking Jumamosi usiku, simu ikipokezanwa mkono kwa mkono kama kata ya mtungini. Angekaa, kazi yake ingekuwa nyepesi. Watu wa pale hujigawa wenyewe. Mpe mtu simu, mwambie achague ngoma moja ya hip hop, ya zamani au ya jana, na kabla mdundo haujaingia utakuwa umeshajua upatanisho wake.

Utafiti huu umechukua miaka ishirini na ushei, mingi yake bila mimi kujua kwamba natafiti. Eneo ni London ya mashariki: East Ham, Plaistow, Barking, Ilford, pamoja na ghorofa ya juu ya basi namba 25. Sampuli ni watu waliokuja kula pilau. Zana ni spika moja isiyo na waya, yenye ufa, na sikio langu la kulia. La kushoto liliharibikia kwenye harusi moja na halihesabiwi. Maadili ya utafiti yamezingatiwa: hakuna aliyetajwa jina, kwa kuwa wote ni shemeji wa mtu.

Kwanza nasaba. Wako wanaodhani kutumiana nyimbo kumeletwa na simu. Hao hawajawahi kujaza kadi ya salamu. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na za Sauti ya Kenya kwa jirani, mtu aliorodhesha anaowasalimu mpaka shemeji wa shemeji, akachagua wimbo, akamalizia na ujumbe ambao kwa kawaida haukuhusiana na wimbo wala na waliotajwa. Mtangazaji aliyasoma yote kwa pumzi moja. Wimbo ulipopigwa, aliyesalimiwa hakusikia gitaa. Alisikia kwamba ametajwa. Tulishike hilo, maana ndilo shina la yanayofuata. Ngoma haitumwi ili isikilizwe tu. Inatumwa ijulikane nani kaituma, alikuwa wapi ilipotoka, na kama bado yupo mwingine wa kumtolea ushahidi.

London nayo ilikuwa na kituo chake. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili Juni 1957, na kwa miongo mingi sauti hiyo ilitoka Bush House, pale Aldwych, hadi jengo lilipohamwa mwaka 2012. Lakini Bush House ilipeleka habari nyumbani. Ngoma zilisafiri njia ya kinyume, ndani ya masanduku, katikati ya dagaa na unga wa muhogo, zikifika na harufu ya vyote viwili.

Sasa ngeli zenyewe. Yenye watu wengi kuliko zote ni U-I. Tazama maneno yake: mwaka, mpaka, mzigo, mkoba, mkanda, moyo. Sarufi ilikwisha kumchora mhamiaji kabla hajaomba viza.

Mtu wa U-I ana ngoma za mwaka mmoja. Akikuambia “sikiliza hii mpya,” sikiliza tarehe. Baada ya kuwasikiliza wengi nimefikia kanuni ninayoiita Kanuni ya Ndege: ngoma ya mwisho ambayo mtu anaiita mpya ni ile iliyokuwa ikivuma mwaka aliopanda ndege, ukiongeza miaka miwili ya ubishi. Aliyeondoka Dar 2001 amesimama kwenye Machozi Jasho na Damu, albamu ambayo Professor Jay aliitoa mwaka huohuo, na anaizungumzia kama kitu cha Ijumaa iliyopita. Mweleze kwamba Professor Jay alikuja kuwa mbunge wa Mikumi, 2015, ataitikia kwa adabu, kama anayepewa habari za binamu aliyeoa. Aliyeondoka Nairobi mwishoni mwa 2002 amebeba “Unbwogable” ya Gidi Gidi Maji Maji na uchaguzi wote ule ndani yake. Ukimwachia dakika kumi atakuapisha Kibaki upya. Aliyeondoka miezi michache baadaye ana E-Sir tu. E-Sir alifariki kwa ajali ya gari Machi 2003, na kwa mtu huyu Kenya iliacha kurekodi siku ileile.

Kanuni hii ina usahihi wa kutia hofu. Jamaa mmoja alituambia aliingia nchi hii 2009, kusoma. Sikio lake lilikuwa limekomea kwa Mr II wa miaka ya tisini. Fid Q alikuwa hamjui hata kwa jina. Hatukusema kitu, tuliendelea kula. Ninaomba tu makala haya yasitafsiriwe yakafika Croydon, iliko Lunar House, maana siku wale wa uhamiaji watakapogundua kwamba muda wa mtu nchini unapimika kwa Bongo Flava, itabidi tuanze kukariri nyimbo za juzi kabla ya usaili.

Anayekwenda nyumbani kila Desemba huhuishwa sikio. Anarudi Januari na ngoma tatu na msamiati wa mtaani unaodumu mpaka Pasaka. Asiye na karatasi hawezi, na hapo kanuni inauma. Namfahamu mmoja aliyekaa miaka kumi na moja bila kutoka. Karatasi zilipopatikana alikata tiketi wiki ileile, akatua Dar, akapanda bajaji, akamwomba kijana ampigie Ngwair. Kijana akamtazama kwenye kioo. “Huyo wa kina baba,” akasema, akaweka kitu kingine. Albert Mangwea alikuwa amefariki Mei 2013 huko Afrika Kusini, na mtu wangu alizisikiliza salamu zote za rambirambi kwa simu, kwenye chumba cha kupanga Plaistow, akalia peke yake. Msiba alikuwa nao. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba Ngwair, pamoja na kufa, amezeeka.

Mtafiti naye ni U-I, na asiyejitaja huyo si mtafiti, ni mpelelezi. Niliondoka 2003. Nilikuja na mkanda wa TDK wa dakika tisini, ulioandikwa kwa kalamu ya kijani “Mchanganyiko 4, USIFUTE”. Nilikuwa nimeurekodi Magomeni, kwa njia tuliyoijua: unaazima redio kaseti ya jirani, unaiweka uso kwa uso na redio yenu kama wachumba, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, halafu unabana pumzi. Kwanza Unit wamo, Mr II yumo, Wagosi wa Kaya wamo nusu kwa kuwa upande uliisha. Na kwenye “Chemsha Bongo” ya Hard Blasters, ubeti wa pili, anaingia mama yangu kutoka uani: “We! Maji yametoka! Lete ndoo!” Mtu aliyekulia Dar anajua kwamba maji yakitoka hakuna sanaa. Kuna kishindo cha mlango, kisha wimbo unaendelea bila mimi.

Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi tangu wakati ule, safi, wenye sauti ya studio, na kila ukifika ubeti wa pili nasubiri ndoo.

Nitoke nje ya njia kidogo, maana lipo tukio lisiloingia katika ngeli yoyote. Pale Soho, mtaa wa Poland Street, palikuwa na duka la santuri lililoitwa Mr Bongo. Lilianza 1989 na lilijulikana kwa hip hop na muziki wa Amerika ya Kusini. Sasa mfikirie Mtanzania, mwaka 2000, wiki yake ya kwanza, koti la kuazima, anainua macho anaona neno BONGO. Kwetu Bongo ni Dar, halafu nchi nzima, mahali ambapo bila ubongo hupati chakula cha mchana. Aliingia kama anayeingia ubalozini. Akasema “Mambo vipi,” akaomba Kwanza Unit. Muuzaji, kwa upole ambao jamaa anausimulia mpaka leo, alipekua herufi K yote, kisha Q, endapo jina linaandikwa tofauti. Jamaa aliona aibu kutoka mikono mitupu. Akanunua santuri ya Kibrazili. Anayo bado, na hajawahi kumiliki gramafoni.

Turudi kazini. LI-YA ni ngeli ya ukuzaji: jitu, joka, jumba, goma. Mtu wa ngeli hii hatumi ngoma, anatuma goma. “Hili goma!” anasema, na kila goma ni hatari, ni balaa, halijawahi kutokea. Muulize ubeti wa pili unasema nini. Hajaufikia, alikuwa anatangaza. Sina mengi juu yake ila hili: tunaye Mkongomani mmoja mzaliwa wa mji wa Goma, na kila mtu akipiga kelele “goma hilo!” yeye huinua kichwa haraka akidhani kuna habari za kwao. Tangu mji ulipotekwa na M23, Januari 2025, tumekubaliana kwamba akiwepo sebuleni hakuna ukuzaji. Tunasema ngoma.

YA-YA ni kama maji, mafuta, maradhi: hayana umoja. Huyu hutuma ngoma kumi na tisa saa kumi alfajiri akitoka zamu ya usiku, bila neno, bila salamu. Huwezi kumwomba atume moja, kama usivyoweza kumwomba mtu ji moja la kunywa. Kinyume chake ni U-U, kama uji na ujana, asiye na wingi. Ana wimbo mmoja. Ni uleule.

PA-KU-MU inahitaji kiti cha kukaa, kwa kuwa ni ngeli ya mahali na wenyewe hawataki kuondoka. Walimu walitufundisha kwamba PA ni mahali dhahiri, KU ni mahali pasipo dhahiri, MU ni ndani. Sijaona popote ambapo mafundisho haya yanathibitika vizuri kama kwa mashabiki wa hip hop.

Mtu wa PA haruhusu wimbo uishe. “Hapo!” anasema, mkono juu. “Umesikia hapo? Rudisha.” Anarudisha sekunde nane. “Hapo hapo!” Anarudisha tena. Kuna usiku tulikaa saa mbili na tukasikia ngoma nne, zote hadi dakika ya kwanza na nusu. Yeye hasikilizi wimbo, anachimba kina. Mtu wa KU ana hamu ileile lakini hana anwani: “Kuna ile... kule karibu na mwishoni, anapozungumzia maisha... biti inakwenda tu-tu-ta, tu-tu-ta.” Chumba kizima huacha kula na kuanza kupiga tu-tu-ta kwa midomo mpaka mtu aitambue, na huwa si hiyo. Wa MU amefumba macho, vipokea sauti masikioni, yumo. Mmoja wao alipaswa kushuka Stratford kwenye basi namba 25. Aliamshwa na dereva mwisho wa njia, katikati ya mji, akamwambia dereva asante, akavuka barabara kupanda lingine, akiwa bado yumo.

Kwenye PA yumo mzee mmoja wa Unguja, mpangaji wa chini, ambaye mara ya kwanza alipanda ngazi kulalamikia kelele. Alipofika mlangoni, aliyekuwa anachana ni Fid Q. Mzee akasimama na kandambili zake. Tuliona vidole vyake vikitembea kwenye paja, kimoja kimoja: alikuwa anahesabu mizani. Kisha akauliza, “Huyu nani?” Tukamwambia ni kijana wa Mwanza, ana albamu inayoitwa Vina Mwanzo, Kati na Mwisho.

“Mwanzo?” mzee akasema. Sisi wote tulisoma shairi shuleni: kina cha kati na kina cha mwisho, basi. Mzee hakuwa amepata kusikia mtu anadai na cha mwanzo. Akaomba kiti. “Ameongeza chumba,” akasema, kama fundi anayekagua nyumba ya mwenzake.

Tangu usiku ule hajalalamika, ila ametuletea kazi. Ni yeye aliyetuonyesha kwamba mshororo wa shairi una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kwamba mchanaji anayejiheshimu hujaza ubeti wake kwa mistari 16. Nilimweleza kwamba hesabu hizo hazihusiani. Huku ni silabi, kule ni vipimo vya mdundo. Akaniangalia kwa huruma. Kwa maoni yake hata neno lenyewe ni ushahidi: vijana wanasema kuchana, na Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwachana watu wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19 mpaka wakakosa la kuvaa. Ilibidi nikubali. Mimi ninachoweza kudai kama mtaalamu ni kwamba Muyaka hakuwa na spika.

Kosa lilikuwa kuitaja Mombasa mbele ya Wakenya. “Basi hip hop ni ya Kenya,” akadakia mmoja, na ukumbi ukagawanyika kwa mstari wa Namanga. Mtanzania akatoa silaha ya kawaida: Saleh Jabir, 1991, aliyechukua “Ice Ice Baby” ya Vanilla Ice akaigeuza Kiswahili, na akawa na kaseti nzima wakati wengine bado wanacheza tu disko. Mkenya akajibu kwamba kutafsiri si kughani. Kama ni hivyo basi na mkalimani wa bunge ni msanii. Hip hop ya Kiswahili, alisema, ilianza Dandora, Kalamashaka, “Tafsiri Hii”, 1997. Mtanzania akauliza kwa sauti ya chini: huo wimbo wenu wa kupinga tafsiri unaitwaje tena? Hapo pilau ilipoa.

Nitatoa hukumu, kwa kuwa ndiyo kazi ya makala ya aina hii. Saleh Jabir alifungua mlango, hilo halina ubishi. Lakini alipofungua, ndani mlikuwa na vyombo vya mtu mwingine. Kalamashaka walihamishia vyombo vyao: kijiji chao cha zege, Kiswahili chao cha Dandora kisichoomba radhi kwa mwalimu, njaa yao. Kwanza Unit, 1993, wako katikati, wengi wakichana Kiingereza na Kiswahili kwa zamu, na kwa maoni yangu ndio walioonewa zaidi na historia, maana kila upande unawaruka ili ufike kwenye hoja yake. Nimesema. Wakenya waliokuwemo walipiga makofi, Watanzania walinipa mgongo, na nyama yote ya pilau ilikwisha wakati nahukumu.

Mjamaika wa ghorofa ya pili, aliyekuja kurudisha spika aliyoiazima, alituuliza tunagombania nini. Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa. Hip hop, akasema, ilianza Bronx, tarehe 11 Agosti 1973, kwenye sherehe iliyopigwa muziki na DJ Kool Herc, na Kool Herc alizaliwa Kingston. Kwa hiyo ni yao. Akachukua spika tena akaondoka nayo.

Ngeli inayowatesa wanasarufi ni KI-VI, kwa sababu ya maneno kama kiongozi, kipofu, kijana. Umbo ni la KI-VI, upatanisho ni wa A-WA. Hatusemi kijana hiki kimefika. Tunasema huyu amefika, na tunamtengea sahani. Vijana wetu waliozaliwa Newham wako hivyohivyo. Kwa umbo ni watu wa kipande: hawatumi wimbo mzima, wanatuma sekunde kumi na tano, kiitikio na nusu, mtu akicheza jikoni. Wazee wanawadharau kwa hilo. Mimi pia niliwadharau, mpaka Jumamosi moja ya majira ya baridi.

Mjomba mmoja, Mkenya, aliamua kumfunza mpwawe, mmoja wa vijana hao, asili yake. Akamwekea Buruklyn Boyz, wale vijana wa Buruburu, Nairobi, kwa sauti ya juu. “Hii ndiyo kwenu,” akamwambia. “Siyo hayo mambo yenu ya hapa.” Kijana alisikiliza akitafuna. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kinachochechemea lakini hakianguki, “Anko, lakini hii ni drili. Hii ni ya hapa.”

Akaeleza, na mimi niliandika. Drili ilianzia Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wa London ya kusini, Brixton na pembeni yake, waliichukua, wakabadilisha mwendo wa ngoma na kuipa besi inayoteleza kama gari kwenye matope. Kisha Brooklyn, New York, wakaitaka hiyo ya London. Pop Smoke alipotoka na “Welcome to the Party”, 2019, aliyetengeneza mdundo ni 808Melo, na 808Melo ni wa Ilford. Ilford! Kutoka sebuleni kwetu ni basi moja. Baadaye sauti hiyo ikatua Nairobi, na vijana wa Buruburu wakaiunga na Brooklyn katika jina moja. Kwa hiyo asili ambayo mjomba alikuwa anamrudishia mpwawe ilikuwa imezunguka dunia na kupita dirishani kwake, pengine siku aliyokuwa anasubiri basi hapohapo, masikioni ana E-Sir.

Mjomba alinyamaza muda. Kisha akasema, “Lakini maneno ni yetu,” na kwa hilo yuko sahihi.

Kijana hakuwa amemaliza. “Na huyu ni wenu,” akasema, akaweka Tiggs Da Author. Hakuna mtu mzima pale sebuleni aliyemjua. Mtanzania kwa kuzaliwa, amekulia London ya kusini, anaimba na kuchana, na tulikuwa tunaishi naye mji mmoja. Nimelifikiria sana jambo hilo na naona ndilo pengo pekee kubwa katika Kanuni ya Ndege. Mtu huyo alipanda ndege akiwa mtoto, kabla sikio halijafunga. Hana mwaka. Sisi tulikuwa tunatafuta wenzetu kwa mwaka, kwa hiyo hatukuweza kumwona. Kijana alimwona kwa kuwa hakuwa anatafuta mtu wa kumtolea ushahidi. Alikuwa anatafuta ngoma tu.

Imebaki KU, ngeli ya vitenzi-jina: kuimba, kucheza, kungoja, kusikiliza. Katika utafiti wote nimempata mtu mmoja tu. Ni dada anayefanya kazi ya kutunza wazee majumbani, Dagenham na kuendelea. Hatumi chochote. Miaka ya mwanzo tulidhani hapendi muziki, tukawa tunamtumia kwa heshima tu, kama unavyomkaribisha chakula aliyefunga. Ikawa anakuja Jumamosi, anavua koti, anauliza: “Ile ya Jumanne, ubeti wa tatu, yule dada anayeingia kabla ya kiitikio ni nani?”

Kimya. Aliyeituma ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Hakuwa anajua kwamba kuna ubeti wa tatu, sembuse dada. Alikuwa ameituma kwa ajili ya mstari mmoja wa mwanzo na kumbukumbu ya shule ya sekondari.

Dada huyu husikiliza akipiga pasi nguo za bibi mmoja wa Kiingereza mwenye miaka 91. Amesikiliza kila tulichotuma: zile kumi na tisa za alfajiri, magoma yote, hata vipande, na wimbo uleule wa mtu wa U-U, mpaka mwisho. Bibi, anasema, hampendi Mr II, ila Ukoo Flani wakianza hugonga meza kwa kijiko. Mtafiti hana pa kumweka bibi huyo. Nimemwandika pembeni ya daftari kwa penseli.

Ni dada huyo pia aliyeniuliza, baada ya kunisikia nikisimulia habari za mkanda kwa mara ya mia: sasa uko wapi? Hakuna mwingine aliyewahi kuuliza. Nilimwambia ukweli. Niliuazimisha 2004, East Ham, kwa mtu niliyekutana naye kwenye chakula cha msiba, Mtanzania, alikuwa na koti la kaki na alikuwa anafanya kazi ya kuosha magari. Alisema ataurudisha Jumapili. Mama naye hayupo sasa, na hakuna mahali pengine sauti yake iliporekodiwa.

Kwa hiyo haya ni matokeo ya utafiti, na hili ni tangazo. Nyimbo zilizo kwenye mkanda ule ninazo zote kwenye simu, sihitaji kutumiwa. Ninachotaka ni TDK ya dakika tisini, upande A, maandishi ya kijani. Kama ulirekodi kitu juu yake, ulete tu, labda ubeti wa pili umesalimika. Redio kaseti ninayo; haina mfuniko lakini inapiga. Sijahama. Kengele ni mbovu, gonga.